Kipimo cha Mlangoni

Nililelewa na mwanamke aliyetia alama kwenye unga. Kila alipochota wa ugali, mama alisawazisha uliobaki debeni kwa kiganja, akachora mistari kwa kidole, leo mmoja, kesho mitatu, kisha akafunika. Nikichota kwa siri, nikasawazisha na kuchora mistari yangu, alijua tu, maana kidole changu kilikuwa chembamba kuliko chake. Kwa hiyo anayetaka kujua nilitoa wapi tabia ya kushuku kila mtu asiwasumbue walimu wangu wa takwimu. Wao walinikuta nimeshaiva.

Nimeshuku vitu vingi maishani. Nashuku mizani za sokoni. Nashuku mtu anayenisalimia mara mbili asubuhi moja. Lakini sijawahi kushuku kwa moyo wote, kwa uhakika na hata kwa raha, kama nilivyomshuku mama mmoja wa Kaloleni aliyenikusanyia data za shahada yangu ya pili. Nilimwita mwongo kwa watu, na radhi nilimwomba tukiwa wawili tu. Ndiyo maana naandika.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi mjini Voi, katika ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Pangaboi lilizunguka polepole juu ya kichwa changu, na kila lori lililoshusha saruji liliniachia vumbi kwenye kompyuta. Swali la utafiti wangu lilikuwa swali la kila mkulima wa pande zile. Ndovu wanatoka kwenye ranchi za Ndara na kuingia mashamba ya watu. Je, kuwa mbali na mpaka wa ranchi kunamwokoa mtu, au ni bahati tu?

Kuna njia ya kujibu maswali ya namna hii, inaitwa regresheni ya lojistiki. Jina lake ni refu kuliko kazi yake. Unachukua jambo ambalo jibu lake ni ndiyo au la: msimu huu ndovu wameharibu mazao yako, ndiyo au la. Halafu unachukua kipimo unachoshuku kwamba kinalivuta jibu upande mmoja. Wengine hutia vipimo kumi. Mimi nilitaka kimoja tu: umbali kutoka mpaka wa ranchi. Ukiipa kompyuta majibu na umbali wa kila kaya, inakuchorea mstari uliopinda unaoonyesha uwezekano wa kusikia "ndiyo" unavyopungua kadiri unavyoondoka mpakani. Nilitarajia mstari wangu ufanane na njia ya kutoka kwetu mlimani kuja Voi: juu unatembea sawa kwa muda, halafu mteremko wa kona unakumaliza magoti, halafu tambarare mpaka mjini.

Msimamizi wangu, profesa mpole aliyekaa Mombasa, aliniuliza kwa nini kipimo kimoja tu. Nikamwambia vipimo vingi ni vichaka vya kujifichia. Kimoja kinasimama peupe, na kikidanganya kila mtu atakiona. Jibu hilo nilijivunia wiki nzima.

Wa kukusanya data walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kofia na kalamu mbili mfukoni, nikampa vijiji vya chini, kule wanakoishi watu waliotoka bara na kununua mashamba karibu na ranchi. Wa pili ndiye huyo mama wa Kaloleni, mtaa wa pale pale Voi. Wazazi wake walikuja kutoka Ukambani, yeye mwenyewe alizaliwa Voi, na kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Kidawida, lugha yetu, alikiongea vizuri kuliko watoto wetu wa siku hizi. Nikampa Mbololo, mlimani, kwetu. Nitasema ukweli ingawa hauniweki pazuri: tangu siku ya kwanza kuna kitu kilinikera, kumwona mtu wa kuja anapiga hodi kwa watu wetu na kukaribishwa kuliko mimi.

Fomu niliitengeneza kwenye simu, nikaifunga pande zote kama ghala. Mkusanyaji anafika, anasoma karatasi ya ridhaa, anasimama mlangoni pa nyumba na kubonyeza simu ichukue mahali alipo, kisha anauliza. Majina hayaandikwi, kila kaya ni nambari. Sehemu ya maoni niliifuta kwa makusudi, maana ukimpa mkusanyaji nafasi ya maoni anakuandikia hadithi. Karatasi ya ridhaa nilitunga mwenyewe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Iliahidi kwamba jibu la mtu halitaambiwa jirani yake, wala chifu, wala ndugu yake yeyote. Niliipenda sana karatasi ile.

Siku ya tatu mama wa Kaloleni alinipigia simu. Nilisikia upepo wa mlimani nyuma yake, na jogoo.

"Madam, naomba kuuliza. Huku juu nikiuliza habari ya ndovu, watu wengi wananiambia shamba liko chini. Sasa nipime wapi?"

"Mlangoni," nikasema. "Kila nyumba, mlangoni."

"Ni sawa, lakini huyu nyumba yake..."

"Mama, kipimo ni kimoja. Ukianza kupima huku na kule utanibadilishia utafiti. Mlangoni."

Akasema sawa madam, akakata. Nikajiambia: huyu ameanza kutafuta njia ya mkato. Kila anayeuliza maswali mengi siku ya tatu anatafuta njia ya mkato.

Data zikaja. Nilifunga mlango wa ofisi, nikaweka chai pembeni, nikaiambia kompyuta ichore. Ikachora mstari uliolala. Haukupanda wala haukushuka, ulinyooka kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine kana kwamba ndovu hawana habari na mpaka wowote. Kwa mujibu wa mstari ule, aliyelala mlango kwa mlango na ranchi na aliyelala kileleni kwenye ukungu walikuwa sawa mbele ya ndovu. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Mimi ni mtoto wa mlimani. Nimekua nikiona nyani, ngiri na nungu wakimaliza mihogo, lakini ndovu kwenye migomba yetu sijaona hata nyayo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikazigawa fomu mafungu mawili, za mwalimu huku, za mama kule. Za mwalimu zilikuwa safi: walio karibu na mpaka walisema ndiyo, waliosogea walisema la. Za mama wa Kaloleni zilikuwa kituko. Watu wa juu kabisa, mmoja baada ya mwingine, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikaziondoa zote, nikachora upya. Mstari ukajikunja vizuri kama nilivyouota: sawa, mteremko, tambarare. Niliuangalia mpaka chai ikapoa.

Leo nikimfundisha mtu namwambia achunge sana saa hiyo. Ukiondoa wanaokupinga, mstari lazima ujikunje unavyotaka. Wakati ule sikuona hivyo. Niliona nimemkamata mtu. Za mwalimu sikuzikagua hata moja, kwa sababu zilisema nilichotaka kusikia.

Nikamwita ofisini. Alikuja mchana wa jua kali, leso kichwani, viatu vya raba mkononi kwa sababu kamba moja ilikatika njiani. Kabla sijafungua mdomo alinieleza kwa furaha kwamba kuna utafiti mkubwa wa afya unakuja, utatembea kaunti nzima, na msimamizi wake ameshamwahidi nafasi ya kuongoza wenzake. Anasubiri tu neno kutoka kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi mwisho.

"Mimi sina cheti cha chuo, madam," akasema. "Mtaji wangu ni jina tu."

Nikamgeuzia kompyuta. Nilikuwa nimechagua fomu moja, ile iliyonichoma kuliko zote. Kaya ya mjane anayeishi peke yake, juu kabisa, mbali na ranchi kuliko karibu fomu zote. Ndovu wameingia? Ndiyo. Mara ngapi msimu huu? Tatu.

"Ndovu wamepanda mlima mara tatu kumtembelea ajuza mmoja," nikasema. "Walipitia kona za barabara au walikata vichakani?"

Alisogea kuangalia nambari ya fomu. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi, akarudi kwenye kioo, akaniangalia tena. Akabana midomo.

"Hii nilijaza vile nilivyoambiwa," akasema.

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Basi nieleze. Alisema nini hasa?"

"Alisema hayo yaliyoko kwa fomu. Zaidi ya hayo siwezi kukuambia ya watu, madam. Nenda mwenyewe ukaulize."

Nilijua maana ya midomo iliyobanwa vile. Mtoto aliyechota unga huibana hivyo hivyo. Nikamwambia hakufika kwenye nyumba zile, alikaa sehemu moja yenye kivuli na kujaza fomu za watu wazima kama kazi ya shule ya chekechea. Hakupiga kelele. Alivaa viatu vyake, kimoja kikiwa hakina kamba, akasema Mungu anaona, akatoka.

Jioni ile msimamizi wa utafiti wa afya alinipigia kuuliza habari zake. Ningeweza kusema sina hakika bado. Nilisema: "Fomu zake mimi siwezi kuzitetea. Nashuku amezitunga." Akashukuru kwa kumwonya. Nikalala vizuri.

Aliyeniharibia raha ni profesa. Nilimtumia mchoro wangu mzuri na maelezo kwamba nimeondoa data za mkusanyaji asiyeaminika. Akanipigia.

"Asiyeaminika kwa sababu gani?"

"Kwa sababu majibu yake hayawezekani."

"Hiyo si sababu, hiyo ni hasira. Umekwenda kuangalia?"

"Bado, prof."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nenda kwenye nyumba chache, uniletee ushahidi kwamba hakufika. Bila hivyo zirudishe zote na mstari wako uliolala."

Basi nikaenda, na sikwenda kutafuta ukweli. Nilikwenda kutafuta ushahidi, na hivyo ni vitu viwili. Jumamosi asubuhi nilichukua bodaboda mpaka inapoishia njia ya pikipiki, nikaingiza kwenye simu mahali pa ile fomu ya mjane, nikaanza kupanda kwa miguu nikifuata kidoti cha buluu. Nilisema nitaanza na hiyo, nimmalize mama wa Kaloleni, halafu nipite kumwamkia mama yangu, maana nilikuwa upande ule ule.

Kidoti kikanipitisha kwenye daraja la magogo. Kikanipitisha kisimani. Kikakunja penye kanisa, kikapanda kijia chenye mawe ambacho miguu yangu ilikijua kabla ya simu. Nikawa nawaza mama wa Kaloleni alivyo na ujasiri, kuja kutunga uongo kwa majirani zetu, pengine kwa yule bibi wa kwenye miparachichi, au kwa shangazi wa kambo. Nikapita kwa bibi. Nikapita kwa shangazi. Kidoti kiliendelea kuniita mbele. Kilipogusa mahali penyewe nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa kijani niliopaka rangi mimi mwenyewe Krismasi moja, na mama yangu alikuwa ameketi kizingitini akimenya mihogo ya kupondea kimanga.

Mjane anayeishi peke yake, juu kabisa. Nilikuwa nimeisoma fomu ile mara ishirini.

Hata hapo, nisiseme uongo, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa shuku. Nilifikiri yule mwanamke amethubutu kukaa kwenye kigoda cha mama yangu na kumtungia maneno.

"Karibu mwanangu," mama akasema. "Mbona unahema na simu mkononi kama mtu aliyeibiwa?"

Nikamwamkia. Sikukaa.

"Mama, kuna mwanamke alikuja hapa kukuuliza maswali? Wa kutoka Kaloleni?"

Kisu kikasimama kwenye muhogo.

"Alikuja."

"Alikuuliza habari za ndovu?"

"Aliuliza."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Mama akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye leso, taratibu kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akitafuta pa kuanzia.

"Njoo," akasema.

Alinipeleka nyuma ya jiko. Pale palikuwa na debe lililopondwa upande mmoja, rungu la kuligongea, tochi, na jozi ya gambuti. Zile gambuti zilikuwa zimeganda udongo mwekundu mpaka vifundoni. Udongo wa kwetu juu ni wa kahawia iliyokolea. Ule mwekundu ni wa kule chini, unaowapaka rangi hata ndovu wenyewe.

Shamba la chini. Watu wa mlimani tumelima hivyo tangu mababu: shamba la juu la mboga, ndizi na mihogo, na shamba la chini, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, la mahindi, kunde na ndengu. Nyumba iko juu, chakula kingi kinatoka chini. Waliotoka bara wanalala shambani mwao, sisi hatulali. Nimekula mahindi ya shamba lile utoto wangu wote. Nimebeba mbegu kichwani kwenda kule, nimekaa kwenye dungu, kile kibanda cha kwenye nguzo, kufukuza ndege. Baba alipofariki nilimkataza mama kushuka. Nilimwambia ndovu wa siku hizi hawana simile, na yeye ni mtu mzima. Alisema amesikia. Kila nilipopiga simu msimu wa mvua akapokea mwingine, niliambiwa yuko kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa. Mimi ninayeshuku anayenisalimia mara mbili sikuwahi kujiuliza kanisa gani hilo lenye mikutano siku nne mfululizo.

"Ulinikataza, na mimi sikutaka kubishana na wewe," mama akasema. "Lakini shamba la baba yako nitaliacha liwe pori? Tunashuka wanne, tunalinda kwa zamu. Mwaka huu wamekuja mara tatu. Mara ya tatu walimaliza ndengu zote."

"Na kama wangekumaliza wewe?"

"Wangenimaliza nikiwa nalima. We' ulitaka nife nikimenya?"

Nilikaa chini kwenye kuni. Kilichonijaa kifuani sikuweza kukitenga: kulikuwa na hofu ya mama kwenye giza na debe lake, kulikuwa na hasira ya kudanganywa, na chini ya vyote kulikuwa na aibu iliyokuwa inapanda. Nilikumbuka simu ile ya siku ya tatu, jogoo akiwika nyuma ya sauti. Shamba liko chini, nipime wapi. Mlangoni. Nilikuwa nimepima mlango wa mama yangu nikasema ni shamba lake. Ningekuwa mgeni ningesamehewa. Lakini mimi ni mtoto wa mlima, nililelewa na mashamba mawili, na nikatengeneza fomu ya watu wenye moja.

"Umesoma mpaka umesahau shamba lililokusomesha," mama akasema, akicheka kidogo ili nisilie.

Siku zilizofuata nilipanda na kushuka mwenyewe. Nilikwenda kwenye nyumba zote alizofika mama wa Kaloleni, na hapakuwa na hata moja aliyoiruka. Kwa kila mwenye shamba la chini, aliyesema ndiyo na aliyesema la, niliomba nipelekwe shambani. Tulishuka vijia vile vile vya zamani, nikabonyeza simu kwenye mashina ya mahindi, yaliyokanyagwa na yaliyosimama. Walionipeleka hawakunilaumu, waliona tu ajabu kwamba mtoto wa kwetu anauliza shamba liko wapi. Kisha nikarudi Voi, nikarudisha fomu zote, nikaweka umbali wa shamba mahali pa umbali wa mlango, nikaiambia kompyuta ichore.

Mstari ukajikunja: sawa, mteremko, tambarare. Niliuweka kando ya ule wa kwanza niliopata kwa kuzitupa fomu za yule mama. Ilikuwa michoro miwili inayofanana kama mapacha. Mtu yeyote angeiona asingejua upi ulipatikana kwa kupima na upi ulipatikana kwa kumdhulumu mtu. Hilo lilinitisha kuliko mstari uliolala. Kama profesa angekuwa mvivu, ningepata shahada yangu kwa jibu lile lile, na jina la mama wa watu lingebaki limetupwa, na hakuna hesabu yoyote duniani ambayo ingenishtaki.

Nikampigia msimamizi wa utafiti wa afya. Na hapa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia "kulikuwa na mkanganyiko kidogo kwenye data, umeshatatuliwa, yule mama hana shida." Mkanganyiko. Kana kwamba umeanguka na mvua. Sikusema ni wangu. Akasema ni habari njema, ila nafasi ameshampa mtu mwingine na mafunzo yameshaanza.

Ndipo nikaenda Kaloleni. Nilimkuta barazani kwake, ungo mapajani, anachambua ndengu, mawe anayarusha uani. Aliponiona hakusimama, lakini alivuta kigoda cha pili kwa mguu. Nikakaa. Nikamwambia kila kitu: udongo kwenye gambuti, mashamba mawili, kipimo changu kimoja kilichosimama mahali pasipo pake. Nikamwambia nimesema kwa msimamizi wake maneno ambayo hayarudi mdomoni. Nikaomba radhi.

Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kwenye ungo.

"Kwa hiyo mama ako alikuambia," akasema.

"Ulijua ni mama yangu?"

"Picha yako iko kwa ukuta, madam. Na joho, na ile kofia ya pembe nne. Nilikaa chini yake nikinywa chai."

Nikakumbuka alivyoiangalia fomu kwenye kioo, akaniangalia mimi, akaangalia fomu tena. Nilikuwa nimemwita mwongo, kazi ya kaunti nzima ikiwa mkononi mwangu, naye alikuwa na sentensi moja tu ya kujiokoa. Angesema: huyo ni mama yako, mpigie. Ningepiga simu pale pale.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Siku ile ofisini. Ungesema tu ni nani."

Aliokota kijiwe, akakitazama, akakirusha uani.

"Nilimsomea ile karatasi yako ya ridhaa," akasema. "Nilipofika pale mahali pa kusema hataambiwa ndugu yake yeyote, alinisimamisha. Akaonyesha picha. Akaniuliza, hata huyu? Nikamwambia hata huyu, mama, huyu ndiye aliandika."